Eneo la kando ya nyumba: namna ya kuamua kama uwauzie waendelezaji wa makazi

Mtu anayeuza shamba lililo mbali na kwake hupokea fedha na kuondoka, na kitakachojengwa pale hakimhusu tena. Anayeuza eneo lililo ubavuni mwa nyumba yake hupokea fedha na kubaki palepale: atalala, atapika, atapokea wageni na kulilia wafu wake akiwa jirani wa kile alichokiuza. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwenye ardhi wa namna hiyo, hasa pembezoni mwa Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, ambako mashamba ya zamani ya mihogo na mikorosho sasa yamezungukwa na nyumba na kampuni za kuendeleza makazi zinatafuta kila kipande kilichobaki wazi. Hatua zake zimepangwa kwa kufuatana, na bei, ambayo wengi wetu huanza nayo, imewekwa hatua ya tano kwa sababu haiwezi kujulikana sawasawa kabla ya yale yanayoitangulia.

Hatua ya kwanza: pokea hodi, usipokee haraka

Mara nyingi mwendelezaji mwenyewe haji; humtuma dalali. Nilikuwa nimekaa barazani kwa shangazi yangu, upande wa Goba, siku alipofika kijana mmoja mwenye adabu nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mama, nina wateja wamelipenda hili eneo lako la pembeni. Fedha ipo mkononi, ila wanahitaji jibu kabla ya Ijumaa."

Shangazi alimpa maji ya kunywa, akamjibu kwamba ardhi aliyokaa nayo miaka thelathini haiwezi kuondoka kwa siku nne. Lilikuwa jibu sahihi, na laiti tungeendelea na moyo uleule, maana miezi kadhaa baadaye aliuza kwa kampuni nyingine huku sisi watoto wake tukimshauri bei peke yake. Mengi ya yale ninayoyaandika hapa niliyajua baada ya mauzo hayo.

Katika mazungumzo ya mwanzo, usitaje bei, usitoe nakala ya hati wala ya kitambulisho chako, na usipokee fedha yoyote ya kushikia eneo, hata iwe ndogo na hata iitwe nauli. Uliza mambo matatu tu: kampuni inayonunua inaitwaje, inataka ukubwa gani, na inakusudia kujenga nini. Dalali asiyeweza kumtaja mnunuzi huenda anataka kununua kwako na kuuza kwingine siku hiyohiyo, na tofauti ya bei ataibeba yeye.

Hatua ya pili: hakikisha eneo hilo ni lako kuliuza

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachouza wewe ni haki ya kuimiliki na kuitumia, na nguvu ya haki hiyo inategemea karatasi uliyo nayo. Hati miliki hutolewa kwa muda maalumu, aghalabu miaka 33, 66 au 99, nayo huwa na masharti ya matumizi yaliyoandikwa ndani yake, yasome. Leseni ya makazi (kibali cha muda cha kukaa katika eneo la mjini lisilopangwa), hati ya haki miliki ya kimila (ya ardhi ya kijiji) na mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na serikali ya mtaa ni vitu vitatu tofauti kabisa, ingawa mtaani vyote huitwa "hati". Ikiwa ardhi yako iko ndani ya kijiji, inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo, na halmashauri ya kijiji lazima ihusishwe.

Ikiwa una hati miliki, omba upekuzi katika ofisi ya ardhi ya mkoa ili uone kumbukumbu ya Msajili wa Hati inasemaje kuhusu eneo lako. Wapo waliogundua kwa njia hiyo kwamba jina lililoandikwa bado ni la marehemu babu, au kwamba kuna rehani ya zamani ambayo ililipwa lakini haikufutwa. Lipa pia kodi ya pango la ardhi inayodaiwa, kwa sababu deni hilo litakusimamisha njiani.

Ardhi ya urithi inahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo humpendekeza tu, na muhtasari wa kikao hauwi idhini ya kuuza hata ukiwa na sahihi za wajomba wote. Na kama una mume au mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Eneo la kando ya nyumba, hasa likiwa ndani ya hati ileile moja, ni rahisi kuhesabiwa sehemu ya makazi hayo. Ipate ridhaa hiyo kwa maandishi, na uipate mapema, kabla mwenzako hajasikia habari kwa majirani.

Hatua ya tatu: chora kwanza utakachobaki nacho

Hii ndiyo hatua ambayo ningeomba msomaji akae nayo muda mrefu kuliko zote.

Wazee wetu walipima eka kwa hatua 70 kwa 70 na kupanda minyaa mpakani. Kipimo hicho kinakaribia ukweli, kwa kuwa eka ni kama mita za mraba 4,047, lakini hatua za mtu mrefu si hatua za mtu mfupi, na minyaa husogea kadiri inavyokatwa upande mmoja na kuachwa upande wa pili. Mlipe mpima ardhi mwenye leseni, uliyemtafuta wewe mwenyewe, apime eneo lote na kukupa mchoro wenye vipimo. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na hasara ya kuuza "eka moja" ambayo kwa kipimo cha mnunuzi imepungua na kwa kipimo chako imezidi.

Kisha chukua mchoro huo, tembea nao uwanjani, na utie alama kila kitu ambacho nyumba yako inakitegemea nje ya kuta zake. Karo la choo liko wapi, na gari la kunyonya maji taka litalifikiaje pindi uzio ukijengwa? Bomba la maji linapita chini ya upande gani, na nguzo ya umeme imesimama kwa nani? Kisima kiko umbali gani kutoka mahali ambapo watu wapya watachimba makaro yao? Gari la wagonjwa litageukia wapi? Turubai la msiba litafungwa wapi, na la harusi? Swali hili la mwisho huonekana dogo mpaka siku mnapolazimika kuwakalisha waombolezaji barabarani. Kama kuna makaburi ya familia, yatenge pamoja na njia ya kuyaendea, na utengaji huo uonekane kwenye mchoro. Kauli ya kwamba wanunuzi "watayaheshimu" haitoshi.

Baada ya hapo yaangalie maji ya mvua, ikiwezekana wakati wa masika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Eneo la mita za mraba 3,000 likiezekwa mabati na kusakafiwa kwa vitofali, mvua ya milimita 50 kwa siku moja hukusanya lita 150,000, sawa na matenki 30 ya lita 5,000 kila moja, na maji hayo ambayo zamani yalizama kwenye mchanga chini ya mikorosho sasa yatatafuta mteremko. Kwa shangazi, mteremko ulielekea jikoni. Masika ya kwanza baada ya nyumba nane kujengwa pale juu, maji yaliingia kupitia tundu la ukuta ambalo mafundi wa kampuni waliliacha kwa makusudi ili uwanja wao ukauke. Tulipowauliza, tulionyeshwa mkataba tuliousaini sisi wenyewe, ambao haukuwa na neno moja kuhusu mfereji.

Angalia pia upepo, mwanga na sitara. Nyumba ya chini iliyojengwa mita tatu kutoka kwenye uzio wako hubadilisha mambo machache, lakini jengo la ghorofa nne mahali hapohapo litaona uani kwako kila dirisha likifunguliwa, na akina mama wanaopika na kuogesha watoto uani watakuwa wa kwanza kulihisi. Simama pale unapopikia, tazama upande unaotaka kuuza, na ukadirie.

Ukimaliza kuweka alama, chora mstari. Upande mmoja wa mstari ni makazi yako yenye kila yanachohitaji. Upande wa pili ndio unaoweza kufikiriwa kuuzwa. Ikiwa upande huo umebaki mdogo au una umbo lisilomfaa mtu, umekwisha kupata jibu lako bila ya kuingia katika bei.

Hatua ya nne: waulize watu wa mipango miji

Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri yako na uulize eneo lenu limepangiwa matumizi gani, kama kuna mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, barabara zinapita wapi na majengo yanaruhusiwa ghorofa ngapi. Ukiwa kando ya barabara kuu au ya mkoa, kumbuka kwamba hifadhi ya barabara chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ni mita 60 kwa jumla, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukiwa kando ya mto au bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60. Sehemu iliyoangukia humo haina thamani ya kujengwa, na mnunuzi makini atalijua hilo kabla yako.

Mipango ya serikali pia huweza kuigusa ardhi ukiwa umeishikilia. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 uligeuza mashamba ya Bunju, Mbweni, Kibada na Tuangoma kuwa viwanja vilivyopimwa. Wakazi wa Kigamboni nao waliishi miaka mingi wakingoja mpango wa mji mpya uliotangazwa mwaka 2008. Anayekuambia "uza sasa, serikali itachukua" mwombe akuonyeshe mchoro, kisha ukaulinganishe na ule wa halmashauri.

Hatua ya tano: ijue bei

Muite mthamini aliyesajiliwa, kisha ufanye hesabu yako mwenyewe kwa kutazama upande wa mwendelezaji. Tuchukue mfano wa mita za mraba 3,000. Robo ikienda kwenye barabara na maeneo ya wazi, zinabaki 2,250, ambazo ni viwanja vitano vya mita za mraba 450. Kama mtaani kwenu kiwanja cha ukubwa huo chenye hati kinauzwa shilingi milioni 20, mwendelezaji ataingiza milioni 100 kabla hajaweka tofali hata moja. Toa gharama za upimaji, barabara, hati na matangazo, umwachie na faida yake ya haki, kwa kuwa yeye ndiye anayebeba hatari ya kutouza. Kinachobaki ndicho mnachojadiliana. Akikupa milioni 25 utajua unachonyimwa, na akikupa milioni 90 nawe uwe na wasiwasi, kwa sababu mtu anayelipa zaidi ya uwezo wa eneo huenda hakusudii kumaliza kulipa.

Toa kodi kabla ya kufurahi. Mkazi wa Tanzania hutozwa na Mamlaka ya Mapato asilimia 10 ya faida aliyoipata katika mauzo ya ardhi, na uhamisho hausajiliwi bila uthibitisho wa malipo hayo. Stakabadhi za ununuzi na za maendelezo uliyofanya ndizo zinazoonyesha gharama yako, kwa hiyo zitafute. Utashawishiwa kuandika bei ndogo katika mkataba ili kodi ipungue. Usikubali: ni kosa, na tena siku mnunuzi atakaposhindwa kumaliza malipo, bei utakayoweza kuidai mbele ya baraza la ardhi ni ile iliyoandikwa.

Tathmini kando kushuka au kupanda kwa thamani ya nyumba yako yenyewe. Mtaa wenye barabara nzuri huipandisha. Ukuta mrefu, vumbi la miaka miwili na maji ya uani huishusha. Hesabu hii haina fomula, na mthamini mzuri atakuambia hivyo bila kuficha.

Hatua ya sita: linganisha na njia nyingine

Kuuza eneo lote kwa mkupuo ni njia mojawapo tu. Unaweza kulipima mwenyewe, ukapata viwanja viwili vitatu na kuuza kimoja kila unapokuwa na haja, jambo linalokuwezesha hata kuchagua jirani. Ni njia ya polepole, na kwa maoni yangu ndiyo inayozifaa familia nyingi zisizo na deni linalowasukuma.

Unaweza pia kuingia ubia: wewe unatoa ardhi, mwendelezaji anatoa mtaji, kisha mnagawana jengo. Familia nyingi za Kariakoo zilizokuwa na nyumba za Kiswahili za vyumba sita zilipita njia hii, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Ubia huweza kulipa kuliko kuuza, lakini unakufunga na mtu kwa miaka mingi, na ikiwa fedha yake itakwisha jengo likiwa limefika ghorofa ya pili, ardhi yako ndiyo itakayokaa na nondo zilizochomoza. Usiingie ubia bila wakili wako mwenyewe.

Na unaweza kukataa. Anayekataa asikae hivihivi: apime, aweke mawe ya mpaka, aombe hati, na afuatilie matangazo ya kubadili matumizi ya ardhi kwa majirani, kwa kuwa mwendelezaji aliyekosa kwako anaweza kupata kwa jirani, na pingamizi hupokelewa kabla ya kibali kutolewa.

Hatua ya saba: mchunguze mnunuzi

Thibitisha usajili wa kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ujue wakurugenzi ni nani na nani ana mamlaka ya kusaini. Asiye raia haruhusiwi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji na kwa utaratibu maalumu, hivyo anayetaka "kutumia jina" la Mtanzania anakuingiza katika matatizo yake. Halafu nenda kwenye mradi ambao kampuni hiyo iliumaliza miaka mitatu iliyopita, uzungumze na majirani wa mradi, siyo wateja wake. Waulize mfereji ulijengwa lini, na kama aliyewauzia alilipwa yote. Uliza pia kama mkandarasi atakayejenga amesajiliwa na bodi yake. Jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu wengi, na nyumba yako itakuwa umbali wa mita chache kutoka kwenye msingi unaochimbwa.

Hatua ya nane: andika kila kitu

Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kushuhudia na kuthibitisha kwamba anakufahamu, lakini kazi ya kuuandaa mpe wakili unayemlipa wewe. Wakili aliyeletwa na mnunuzi ni wakili wa mnunuzi, hata akikuita mama. Ukidaiwa asilimia fulani ya bei katika ofisi ya serikali ya mtaa, uliza kanuni inayoiruhusu na uombe stakabadhi.

Malipo yapite benki, na ratiba yake iandikwe kwa tarehe na kiasi. Ikiwa atalipa kwa awamu, hati isiondoke mikononi mwako wala fomu za uhamisho zisisainiwe na kuachwa kwake kabla ya awamu ya mwisho; ziwe kwa wakili wako. Iandikwe pia itakuwaje akichelewa: siku ngapi, adhabu gani, na lini ardhi inarudi kwako.

Kisha yaandikwe mambo ya ujirani, ambayo sisi tuliyaacha. Nani atajenga ukuta, wa urefu gani, na kabla ya ujenzi mwingine au baada? Mfereji utapita wapi, utakuwa na upana gani, na utakamilika kabla ya masika ipi? Majengo yasizidi ghorofa ngapi, na yakae mita ngapi kutoka mpakani? Malori yapite njia ipi, na saa za kazi ziwe zipi? Haki yako ya kupita, kama njia yenu inakatiza eneo linalouzwa, isajiliwe pamoja na uhamisho ili imfunge na yule atakayenunua baadaye. Ahadi ya mdomo hufa siku kampuni inapouza nyumba ya kwanza. Omba sehemu ya bei izuiliwe kwa wakili mpaka ukuta na mfereji vikamilike. Mnunuzi anayekataa sharti hili huku akiapa kwamba atajenga mfereji amekupa habari muhimu sana kuhusu mfereji huo.

Usaini mkataba mbele ya watoto wako waliokomaa, na kila mmoja awe ameusoma. Mashauri mengi yanayopelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya huwa ya ndugu dhidi ya ndugu, baada ya mzazi kuondoka.

Hatua ya tisa: siku ya kukabidhi

Malipo ya mwisho yakishaonekana kwenye akaunti yako, zunguka mpaka pamoja na mnunuzi, mpima ardhi, mjumbe wa shina na jirani wa kila upande. Kila jiwe la mpaka lionekane juu ya ardhi na lipigwe picha likiwa na kitu kisichohama nyuma yake, mfano kona ya nyumba au mwembe. Hesabu miti itakayobaki upande wako. Hakikisha njia ya gari la maji taka ina upana mliokubaliana kwa kuipima kwa futi ya mkononi palepale, halafu wote mliohudhuria msaini karatasi moja yenye tarehe, na nakala ya kwanza ibaki kwako pamoja na mchoro.